Bura Ipi?

Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia, na naomba nianze kwa kukiri udhaifu wangu: nikiona jedwali lenye majina ya mahali upande mmoja na miaka upande wa pili, mate yananidondoka. Wenzangu waliostaafu hufuga kuku, hushona vitambaa vya makochi, hugombea uongozi wa kanisa. Mimi huchora grafu. Hiyo ndiyo starehe yangu hapa Voi, na simwombi mtu radhi.

Basi siku ile jedwali la pesa za dharura lilipotumwa kwenye grupu la simu la sisi walimu wastaafu, nililipokea kama zawadi ya sikukuu. Lilikuwa la serikali, kurasa nne nzima, likionyesha pesa ambazo watu walitumiwa wakati wa ukame na wakati wa mafuriko, mahali kwa mahali, mwaka baada ya mwaka. Wenzangu wakajibu kwa picha za vidole gumba na mikono ya kuomba. Hakuna aliyelisoma, nawajua. Mimi nilivaa viatu mbiombio nikaenda saiba, kwenye kibanda cha kompyuta, kulichapisha, maana macho yangu na kioo cha simu hayapatani.

Lakini siku hiyo haikuwa starehe tu. Ilikuwa Jumatatu, na asubuhi ile ile wifi yangu alikuwa amenipigia simu kutoka Kasigau.

Huyu wifi ni dada yake marehemu mume wangu. Anaishi peke yake chini ya mlima, kwenye shamba la wazazi wao, na watoto wake wako mbali wakihangaika na maisha. Mvua ilikuwa imetupita msimu wa pili mfululizo. Kile kidogo kilichoota kando ya bomba, ndovu walikipitia wakakimaliza, wakaacha nyayo tu. Alikuwa amebakiwa na ng'ombe mmoja jike, mwenye mimba ya miezi saba, na huyo si ng'ombe wa hivi hivi. Mama yake alinunuliwa na mume wangu siku alipolipwa marupurupu ya mwisho kazini, akampelekea dada yake akamwambia, "Huyu atakutunza mimi nikichoka." Mwaka uliofuata akafariki. Kwa hivyo mimi na wifi tukisema "ng'ombe," kila mmoja wetu anajua tunamzungumzia nani.

"Wifi," aliniambia simuni, "nimeongea na dalali. Anakuja Jumamosi."

"Dalali wa nini?"

"Wa kuku!" Alikuwa na hasira. "Dalali wa nini tena? Namuuza. Nyasi sina, pesa ya nyasi sina, na mbavu zake hata wewe ukiwa huko Voi utazihesabu."

"Na zile pesa za dharura? Si mliandikishwa?"

"Tuliandikishwa, tukapigwa picha, tukaweka vidole. Tumeweka vidole mpaka alama zimefutika. Chifu anasema kaunti yetu imeshapata mgao wake. Wewe uliuona?"

Sikuwa nimeuona. Ndiyo maana nilipotoka saiba sikupita sokoni wala kwa mtu. Nilitandaza karatasi juu ya meza ya chakula, nikatoa kalamu za rangi zilizobaki kutoka enzi za kufundisha, nikaanza kazi. Kila mahali nikapatia rangi yake. Marungu nikaipa kahawia. Kasigau nikaipa nyekundu, kwa ajili ya wifi. Bura nikaipa kijani kwa sababu ni kwetu: nilizaliwa Bura, nikasoma Bura, na ukinipa nafasi ya dakika mbili nitakusifia kabeji za Bura, ubaridi wake na shule zake kongwe mpaka uage.

Nyekundu ikalala chini. Kahawia nayo ikalala chini, ikanyooka tangu mwaka wa kwanza hadi wa mwisho bila hata kushtuka. Kisha nikaanza kuchora kijani, na kijani ikapanda. Ikapanda, ikashuka kidogo, ikapanda tena ikavuka mistari yote ya kaunti yetu, mpaka ikabidi nigundishe karatasi ya pili juu ya ile ya kwanza. Nilisimama. Nikaizunguka meza. Nikaketi tena. Moyo ulikuwa unanidunda kama wa msichana aliyeandikiwa barua.

Bura ya kabeji imepata pesa nyingi za dharura kuliko Kasigau na Marungu ukizijumlisha? Nikafuata mstari kwa kidole hadi kwenye safu ya sababu. Pale kijani ilipokuwa juu kabisa paliandikwa neno moja: mafuriko.

Mafuriko! Bura yetu iko milimani. Maji yakija yanateremka kwenda zake mabondeni bila hata kuaga. Tena mwaka ule naukumbuka vizuri, kwa sababu kaka yangu aliye huko alivuna kabeji zikamshinda kuuza, akaniletea magunia mawili bila kuombwa, nikala kabeji mpaka nikazichukia. Nikampigia.

"Kaka, nyinyi mliwahi kulipwa pesa ya mafuriko?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Mafuriko huku? Huku mafuriko tunayaona kwa televisheni."

Nilikata simu bila kumuaga, Mungu anisamehe, kwa sababu hapo hapo jambo lilinijia nikapiga kelele. Jirani yangu akaja mbio na fimbo akidhani nimeona nyoka. "Mto!" nilimwambia. "Ni ya mtoni!" Akanitazama, akaitazama fimbo yake, akarudi kwake. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Kuna Bura nyingine, ya Tana River, kandokando ya mto mkubwa, na mto ule ukifura huwatoa watu nyumbani. Pesa zao zilikuwa zimeandikwa kwetu. Kwenye makaratasi, Taita Taveta ilikuwa imekula ikashiba, na waliokuwa wakilipia mlo huo ni wifi yangu na watu wa Kasigau na Marungu, walioambiwa wangoje.

Jumanne saa mbili nilikuwa mlangoni pa ofisi moja mjini inayoshughulikia mambo hayo, grafu imekunjwa kwapani. Afisa aliyenipokea alisimama mara moja na kuvua kofia. Alikuwa mwanafunzi wangu wa darasa la sita. Sasa ana kitambi na mvi mbili tatu, lakini bado ananiogopa, jambo lililonipendeza.

"Madam! Karibu, keti. Nikuletee chai?"

"Chai baadaye. Njoo uone." Nikatandaza grafu juu ya meza yake, juu ya mafaili yake na simu yake, nikamweleza kijani, nyekundu na kahawia. Nilikuwa nazungumza kwa kasi mpaka nikawa najikatiza maneno mwenyewe.

Alipoelewa, alijikuna shingo. "Hiyo ni sistimu, madam."

"Sistimu ina mikono? Ni nani aliyeiandika Bura kuwa ni ya kwetu?"

Alikwenda kwenye chupa akamimina chai. Akaweka ile chai niliyoikataa mbele yangu, kisha akaketi taratibu. "Ni mimi," akasema.

Akanieleza. Zamani kidogo alikuwa ameazimwa kwenye ofisi ya Mombasa, na ililetwa orodha ya mahali pa kulipwa, ya kaunti zote za ukame za upande huu wote. Ilikuwa na majina ya mahali tu. Wao makarani wakaambiwa waongeze kaunti mbele ya kila jina. "Mengine nilikuwa nauliza," alisema. "Mengine natafuta kwa ramani. Lakini nilipofika Bura, madam, sikuuliza mtu. Wewe si ulitufundisha? Ile siku ya mtihani wa ramani?"

Chai ilinipalia.

Niliikumbuka siku hiyo kama jana. Niliwapa watoto ramani ya nchi isiyo na majina, wao waweke nukta ya kila mahali nilipotaja, na pahali pamoja kati ya hapo palikuwa Bura, maana nisingeacha kuitia. Darasani mlikuwa na msichana mgeni, baba yake askari aliyehamishiwa Voi muhula ule. Yeye aliweka nukta yake ya Bura kando ya mto Tana. Nilimchorea kosa kwa kalamu nyekundu mpaka karatasi ikatoboka. Kisha nikainyanyua juu darasa zima lione, nikasema, "Bura ni moja, iko milimani, na mimi nimezaliwa huko. Atakayeihamisha atapata sifuri."

Yule msichana akainua mkono. "Lakini mwalimu, mimi natoka Bura."

"Na mimi pia," nikamjibu, na darasa likaangua kicheko.

Nilidhani siku hiyo nimekuwa mcheshi. Sasa nilikuwa nimeketi mbele ya kitambi cha mwanafunzi wangu, kikombe mkononi, nikiona haya mpaka masikio yananiwaka moto. Mwanafunzi mmoja tu katika darasa zima ndiye aliyejua kuwa kuna Bura nyingine, na mimi nikampa sifuri. Wale wengine wote niliwapa alama, na mmoja wao akaenda nalo kosa langu mpaka ofisini.

"Tuandike barua leo leo," nikasema. "Nami nitaandika yangu, niseme nilifundisha vibaya."

"Madam, nikiandika tu hivi hivi, wataniuliza pesa zilikwenda wapi kweli. Nisipokuwa na ushahidi kutoka huko kwamba zilifika, nitaonekana mwizi. Twahitaji mtu wa Bura ile."

"Unamjua nani huko?"

Alitazama dari. "Yule mgeni uliyempa sifuri," akasema. "Ni muuguzi kwenye zahanati yao. Yuko kwenye grupu la darasa letu. Lakini mpigie wewe, madam. Mimi nilikuwa kati ya waliomcheka."

Nimewahi kusimama mbele ya wakaguzi wa shule bila kutetemeka. Siku hiyo namba nilizibonyeza mara mbili nikikosea.

"Asalaam aleikum," ikasema sauti ya mwanamke, na nyuma yake mtoto analia.

"Waaleikum salaam. Mimi ni mwalimu wako wa jiografia, wa Voi."

Nilimsikia akimkabidhi mtu yule mtoto.

"Mwalimu wangu," akasema polepole, "ehe. Bura mmeshaiona ilipo?"

Nilistahili. Nikamwomba msamaha kwanza, nikamweleza yote baadaye: jedwali, wifi, ng'ombe, dalali, Jumamosi. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo mimi sikumfanyia.

"Za mafuriko zilitufikia, naam," alisema. "Nilihamisha dawa kwa mtumbwi mimi mwenyewe, na watu wakatumiwa pesa wakiwa wamekaa juu ya tuta na vyombo vyao. Hizo sikatai. Lakini miaka hiyo mingine unayoitaja, ya ukame, sisi hatukuona kitu. Sijui zilikwenda wapi."

"Hayo ya ukame tutayatazama," nikamwambia. "Ya mafuriko yanatutosha kwa sasa." Nilikuwa na haraka. Kichwani mwangu kulikuwa na Jumamosi tu.

"Haya. Nitakupatia barua ya chifu, yenye muhuri. Ila nina sharti moja, mwalimu."

"Sema, mama."

"Nirudishie alama yangu. Kwa maandishi."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikamwahidi.

Barua ya chifu ilifika kwenye simu yangu Alhamisi asubuhi, muhuri wake wa zambarau umekaa vizuri. Afisa akaandika yake akakiri kosa lake, nami nikaandika yangu nikakiri langu, tukaambatanisha grafu na rangi zake zote, tukaipeleka juu. Sikutegemea jibu kabla ya mwezi. Ijumaa mchana afisa akanipigia akipiga kelele kunizidi mimi: wakubwa wameona, Bura yote itahamishiwa Tana River kwenye vitabu vyao, na katika malipo yajayo Kasigau na Marungu ndizo za kwanza. Nilicheza pale pale jikoni, mwiko mkononi, peke yangu. Lakini malipo yajayo yalikuwa mwisho wa mwezi uliofuata, na dalali alikuwa anakuja kesho.

Jumamosi nilikodi pikapu nikafika Kasigau na marobota manne ya nyasi, vumbi limenipaka mpaka kope. Dalali alikuwa ameshafika. Alikuwa anamtomasa ng'ombe mgongoni akitikisa kichwa, namna wanavyofanya wakitaka bei ishuke. Nilimsalimu, nikampita, nikamtandazia wifi grafu juu ya kigoda.

Aliinama akaitazama muda mrefu. "Huyu mwekundu aliyelala huku chini ni mimi?"

"Ni nyinyi wa Kasigau."

"Na huyu wa kijani?"

"Ni Bura ambayo si Bura yetu. Pesa zao ziliandikwa kwetu."

"Kwa hivyo wao waliibiwa?"

"Hapana, walilipwa. Maji yaliwatoa nyumbani, wakalipwa. Ni vitabu tu vilivyokosea."

"Haya, afadhali," akasema, akapumua. Hakuuliza lake kabla hajauliza la wale. Mimi mwalimu wa jiografia, niliyeifundisha nchi nzima kwa watoto wa watu, sikuwa nimefikiria kuuliza hivyo.

Nikamwambia ukweli wote: pesa bado, mpaka mwisho wa mwezi ujao, na ninachomletea leo ni karatasi na nyasi za siku chache. Hiyo serikali ameingoja mara nyingi, namjua. Alimtazama ng'ombe, akanitazama mimi na vumbi langu.

"Baba," akamwambia dalali, "nenda salama. Leo ng'ombe haendi."

"Mama, mwezi ujao utaniuzia ngozi."

"Basi utanunua ngozi," akasema, na akaenda kufungua robota la kwanza.

Zile wiki zilikuwa ndefu. Wifi aliuza kuku wake, akaokota maganda ya migunga porini akichanganya na nyasi nilizokuwa natuma. Kila asubuhi nilimpigia kuuliza, "Amesimama?" naye akajibu, "Amesimama." Siku moja akasema, "Amesimama, lakini kwa kuegemea ukuta," na siku hiyo nilijiuliza kama sikumponza kwa ajili ya ubishi wangu na rangi zangu.

Kisha mchana mmoja simu yangu ikalia, na kabla sijasema halo nikasikia mayowe. "Wifi! Imeingia! Imeingia, wifi!" Nilimfanya anisomee ujumbe herufi kwa herufi, na alipofika kwenye jina la mahali likasomeka Kasigau, tulilia wote wawili, huku yeye akiniambia nisimalize salio lake kwa kulia. Ng'ombe alizaa siku tisa baadaye. Ndama ni jike, na ana ukaidi wa mume wangu.

Nilibaki na deni langu la alama. Nilichora ramani mpya kwa uangalifu kuliko nilivyowahi kuchora, nikatia nukta mbili, Bura ya milimani na Bura ya mtoni, nikaandika kwa kalamu nyekundu alama ya vema na kumi juu ya kumi, nikatia saini. Jumatatu asubuhi nikaipiga picha nikamtumia muuguzi wangu, nikaketi nikitabasamu kama niliyemaliza silabasi.

Jibu lilikuja kwa sauti yake, tulivu kama siku ya kwanza.

"Ahsante, mwalimu. Alama nimeipokea. Lakini umenipa kumi kwa ramani isiyotimia. Leo tulikwenda kwa chifu wetu kuuliza pesa za ukame, akatwambia kaunti yetu imeshapata mgao wake, ndivyo vitabu vinavyosema sasa. Zile za ukame nilikwambia hatukuziona. Sasa nimeulizia: zilikwenda Bura ya ng'ambo ya mto, ya Garissa. Ziko tatu, mwalimu. Ile umeiweka wapi?"

Niliisikiliza mara mbili. Grafu ilikuwa bado ukutani, kijani yake imepanda mpaka karatasi ya pili. Tuliihamishia Tana River yote, mafuriko na ukame, kwa sababu kwangu mimi Bura ya huko ilikuwa moja.

Nikampigia. Sikuomba msamaha kwanza mara hii, niliuliza. "Mama, hapo kwenu kuna mtu anayengoja dalali?"

"Wako wengi, mwalimu," akasema. "Soko letu ni Alhamisi."

Nikaibandua grafu ukutani, nikachukua kalamu ya bluu, nikavaa viatu.